Nichelle Nichols: mwigizaji wa Marekani aliyeitwa Uhura

Nichelle Nichols alikuwa mwigizaji, mwimbaji na mcheza dansi wa Marekani. Alizaliwa tarehe 28 Desemba 1932 na kufariki dunia tarehe 30 Julai 2022, akiwa na umri wa miaka 89. Anakumbukwa zaidi kwa nafasi moja tu, ile ya Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano katika tamthilia ya televisheni iitwayo Star Trek, iliyoonyeshwa Marekani kwa mara ya kwanza kati ya 1966 na 1969. Jina Uhura limetoka kwenye neno letu la Kiswahili, uhuru.

Nafasi yenyewe haikuwa kubwa. Mara nyingi kamera ilimwonyesha amekaa nyuma ya nahodha, kifaa cha kusikilizia kikiwa sikioni, akitamka sentensi moja au mbili. Baada ya mwaka mmoja alichoka akaandika barua ya kuacha kazi. Makala hii inaeleza kwa nini alibaki, kubaki kwake kulimgharimu nini, na ilikuwaje mwanamke aliyekuwa akipokea simu za kuigiza akaja kupewa kazi na shirika la anga la kweli.

Mtoto wa mwenyekiti wa mji

Wazazi wake walimwita Grace Dell. Alizaliwa Robbins, mji mdogo karibu na Chicago katika jimbo la Illinois. Robbins haukuwa mji wa kawaida kwa Marekani ya wakati ule. Ulianzishwa rasmi mwaka 1917 ukiwa mji wa Wamarekani Weusi, ukiongozwa na wao wenyewe, na baba yake Nichelle, Samuel Nichols, aliwahi kuwa meya wake. Kwa hiyo, wakati watoto wengi Weusi nchini humo walikua wakiona kila mwenye madaraka ni Mzungu, yeye alikua akimwona baba yake ndiye mkuu wa mji.

Mji huo una historia nyingine inayostahili kutajwa hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, marubani wawili Weusi, Cornelius Coffey na John Robinson, walijenga hapo uwanja mdogo wa ndege kwa sababu viwanja vingine viliwakataa. Robinson baadaye alikwenda Ethiopia kumsaidia Mfalme Haile Selassie kuongoza ndege zake wakati Italia ilipoivamia nchi hiyo mwaka 1935. Nichelle alikuwa bado mtoto mdogo mambo hayo yalipotokea, lakini ndiyo ardhi aliyozaliwa.

Familia ilihamia Chicago, na huko akajifunza dansi, ikiwemo ile ya kitaalamu ya Ulaya iitwayo bale. Alipokuwa msichana hakulipenda jina la Gracie, na wazazi wakakubali abadilishe kuwa Nichelle. Akiwa bado kijana aliimba na kucheza pamoja na bendi za Duke Ellington na Lionel Hampton, wanamuziki wakubwa wa jazi wa zama hizo. Aliolewa mwaka 1951 na mcheza dansi Foster Johnson, akazaa mtoto mmoja wa kiume, Kyle, ambaye naye alikuja kuwa mwigizaji. Ndoa haikudumu. Kwa miaka kadhaa Nichelle alizunguka miji ya Marekani akiimba kwenye kumbi za usiku na kucheza michezo ya kuigiza yenye nyimbo, huku akimlea mwanawe.

Mlango wa televisheni aliufungua mwaka 1964, kwenye tamthilia ya kijeshi iliyoitwa The Lieutenant. Sehemu aliyoigiza ilihusu ubaguzi wa rangi ndani ya jeshi, na kampuni ya televisheni ya NBC ilikataa kuirusha. Watazamaji hawakumwona. Hata hivyo mtayarishaji wa tamthilia hiyo, Gene Roddenberry, alimwona, na hakumsahau.

Jina lilivyopatikana

Miaka miwili baadaye Roddenberry alikuwa akitengeneza tamthilia mpya. Kwa asiyewahi kuiona: Star Trek ni hadithi ya chombo cha anga kiitwacho Enterprise, kinachosafiri katikati ya nyota miaka kama 300 kutoka wakati ule. Nahodha ni Kirk, aliyeigizwa na William Shatner. Msaidizi wake ni Spock, aliyeigizwa na Leonard Nimoy, ambaye mama yake ni binadamu na baba yake ni wa sayari nyingine. Duniani vita vimekwisha, njaa imekwisha, na watu wa mataifa yote wanafanya kazi pamoja chomboni. Mwendesha chombo, Sulu, aliigizwa na George Takei, Mmarekani mwenye asili ya Japani ambaye utotoni alifungiwa kambini pamoja na wazazi wake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu ya asili yao tu.

Siku Nichols alipokwenda kufanyiwa majaribio ya nafasi hiyo, kwa simulizi yake mwenyewe, alikuwa ameshika kitabu kiitwacho Uhuru. Ni riwaya ya mwandishi wa Marekani Robert Ruark, iliyotoka mwaka 1962, na inahusu Kenya ikielekea kujitawala. Watayarishaji wakamuuliza neno hilo maana yake nini. Roddenberry akalipenda, lakini akaona ni kali kwa jina la mwanamke. Nichols akapendekeza walilainishe kidogo mwishoni, liwe Uhura.

Msemaji wa Kiswahili atatabasamu hapo. Lugha yetu haina utaratibu wa kumaliza neno kwa a ili liwe la kike. Huo ni utaratibu wa lugha za Ulaya. Uhura si neno letu. Ila kila anayelisikia anajua lilikotoka, na wakati ule hata Wamarekani wengi walijua. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, Uganda Oktoba 1962, Kenya Desemba 1963. Neno hilo lilikuwa kwenye magazeti ya dunia nzima. Wamarekani Weusi waliokuwa wakidai haki zao walilichukua kama lao, na katika mwaka huohuo wa 1966 Maulana Karenga alianzisha huko California sikukuu ya Kwanzaa, ambayo nguzo zake zote saba zina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani.

Kiswahili hakikuishia kwenye jina. Katika sehemu ya kwanza kabisa iliyorushwa na NBC, tarehe 8 Septemba 1966, kuna kiumbe kinachoweza kugeuka sura. Kinamjia Uhura kwa umbo la mwanamume Mweusi na kuzungumza naye Kiswahili. Mwaka uliofuata, katika sehemu iitwayo The Changeling, mashine fulani inafuta kumbukumbu zote za Uhura, na anapofundishwa upya kusoma Kiingereza, akikwama anarudi kwenye Kiswahili, yaani lugha yake ya mama. Matamshi ni ya kigeni na mtu wa Unguja au wa Mvita angekuwa na la kusema. Lakini mamilioni ya Wamarekani waliokuwa wamezoea kuona Waafrika wa filamu za Tarzan wakipiga kelele zisizo na maana, jioni ile walisikia lugha ya kweli ya Kiafrika ikitoka kinywani mwa afisa wa chombo cha anga. (Sehemu iliyofuata, Uhura yuko kazini kama kawaida, kumbukumbu zote zimerudi. Tamthilia za wakati ule hazikujali sana mambo kama hayo.)

Kazi ya afisa wa mawasiliano

Ili kuelewa uzito wa nafasi hiyo, lazima kujua televisheni ya Marekani ilivyokuwa. Katika miaka ya 1950 mwanamke Mweusi aliyejulikana zaidi kwenye televisheni alikuwa Beulah, mpishi na mtumishi wa ndani katika nyumba ya Wazungu. Julia, tamthilia ambayo Diahann Carroll aliigiza kama muuguzi, ilianza Septemba 1968, miaka miwili baada ya Star Trek. Uhura alikuwa na cheo cha luteni. Alivaa sare kama wenzake. Hakupika, hakufua, na aliitwa kwa cheo chake.

Kazi yake chomboni ilikuwa ya redio. Yeye ndiye aliyefungua masafa, akanasa ujumbe kutoka mbali, akatafsiri, akamwambia nahodha nani anaita na anasema nini. Chombo kikipotea katikati ya nyota, uhai wa zaidi ya watu 400 ulitegemea kwamba yule aliyeko kwenye redio amesikia sawasawa. Wanaofanya kazi kwenye redio za mawasiliano za polisi, za hospitali za mbali au za meli wanaijua kazi hiyo.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye karatasi. Kwenye picha, mambo yalikuwa mengine. Nichols alieleza katika kitabu chake cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, kwamba alipewa mistari mizuri na waandishi, kisha kurasa zikirudi mistari imekatwa. Hakuwa na mkataba wa kudumu kama nyota wakuu. Alilipwa kwa siku alizoitwa, kama kibarua. Alisimulia pia kwamba wafanyakazi wa chumba cha barua walimwambia waliagizwa wasimpe barua za watazamaji, na alipoonyeshwa zilipo, alikuta ni nyingi mno. Januari 1967 picha yake ilitoka kwenye jalada la Ebony, jarida kubwa la Wamarekani Weusi. Nje watu walimtambua kuwa nyota, na ndani ya studio alihesabiwa kama mtu wa kuongezea.

Barua ya Ijumaa

Msimu wa kwanza ulipomalizika mwaka 1967, Nichols aliamua basi. Ndoto yake tangu utotoni ilikuwa jukwaa, michezo mikubwa yenye nyimbo na dansi ya Broadway, New York, na kujulikana kwake kwenye televisheni kungemsaidia kupata nafasi huko. Siku ya Ijumaa alimpelekea Roddenberry barua ya kuacha kazi. Roddenberry akamwomba aifikirie Jumamosi na Jumapili.

Kilichofuata tunakipata kutoka kinywani mwake, na alikisimulia mara nyingi kwa zaidi ya miaka 40. Mwishoni mwa juma hilo alikuwa kwenye hafla ya kuchangia chama cha kutetea haki za watu Weusi, NAACP. Mtu akamwambia kuna shabiki wake mkubwa anataka kumsalimu. Alipogeuka, aliyekuwa akija ni Mchungaji Martin Luther King.

King alimwambia kwamba Star Trek ndicho kipindi pekee ambacho yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao wadogo kukesha wakikitazama. Nichols akamshukuru, akasema angetamani kuandamana barabarani pamoja nao. King akamjibu kwamba anaandamana tayari, kwa namna yake. Ndipo Nichols akamweleza kuwa anaondoka.

Uso wa King ulibadilika. Alimwambia hawezi kuondoka. Hoja yake ilikuwa hivi: nafasi ile haikuandikwa kwa ajili ya mtu Mweusi wala kwa ajili ya mwanamke, na akiiacha anaweza kuwekwa yeyote, hata kiumbe wa sayari nyingine. Mlango uliofunguliwa utakuwa umefungwa. Kwa mara ya kwanza, alisema, dunia inatuona tunavyopaswa kuonekana, watu wenye akili na heshima, wanaofanya kazi sawa na wengine.

Tukumbuke anayeombwa ni nani. Ni mwanamke anayejitegemea, mwenye mtoto wa kulea, na ameisubiri nafasi ya jukwaani maisha yake yote. Anaambiwa abaki kwenye kazi inayomkata mistari, kwa ajili ya watu ambao hatakutana nao. Alisema alikasirika kwanza, akajiuliza kwa nini mzigo huo uwe wake. Jumatatu alirudi kwa Roddenberry akamwambia kama bado anamtaka, atabaki. Alibaki mpaka tamthilia ilipokwisha. King aliuawa tarehe 4 Aprili 1968.

Busu la Novemba 1968

Tarehe 22 Novemba 1968 NBC ilirusha sehemu ambayo viumbe wenye uwezo wa kuwaendesha watu kwa nguvu za akili wanawalazimisha Kirk na Uhura kubusiana. Mara nyingi huandikwa kuwa hilo lilikuwa busu la kwanza kati ya Mzungu na Mweusi kwenye televisheni ya Marekani. Si sahihi sana, maana kuna mifano mingine ya kabla yake. Mwaka 1967, kwa mfano, mwimbaji Nancy Sinatra alibusiana kidogo na Sammy Davis Jr. kwenye kipindi cha muziki. Lakini hili la Star Trek ndilo lililokaa kwenye kumbukumbu za watu.

Halikuwa jambo dogo. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria za majimbo zilizokataza ndoa za Mzungu na Mweusi mwezi Juni 1967, yaani mwaka mmoja na nusu tu kabla. Wakubwa wa NBC waliogopa vituo vya majimbo ya kusini vingekataa kurusha kipindi, wakataka ipigwe picha nyingine isiyo na busu. Kwa mujibu wa Nichols, yeye na Shatner waliharibu kwa makusudi kila picha ya namna hiyo, Shatner akifika mpaka kukodoa macho kama kengeza mbele ya kamera. Muda ukaisha, ikabaki ile yenye busu. Barua zikaja kwa wingi, na nyingi zilikuwa za kupongeza.

Ukitazama kwa makini utaona hata hapo waandishi walijikinga: hawabusiani kwa mapenzi, wanalazimishwa. Pengine bila kisingizio hicho tukio lisingepita kabisa.

Baada ya 1969

Star Trek ilifungwa kwa kukosa watazamaji wa kutosha. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 3 Juni 1969, wiki saba hivi kabla ya binadamu wa kwanza kukanyaga mwezini. Jumla zilikuwa sehemu 79. Kisha likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: vituo vidogo vya televisheni vikazinunua sehemu hizo kwa bei nafuu na kuzirudia kila siku, na vijana wakazipenda kuliko zilipokuwa mpya.

Kwa Nichols umaarufu huo ulikuwa na makali mawili. Watu walimpenda, lakini watayarishaji wengine walimwona Uhura tu. Alirekodi nyimbo, na mwaka 1974 aliigiza mwanamke mkatili wa mitaani katika filamu ya Truck Turner pamoja na mwanamuziki Isaac Hayes, nafasi iliyo mbali kabisa na Uhura, na aliimudu vizuri. Nafasi kubwa ya kuibeba filamu peke yake haikuja. Ilipotengenezwa Star Trek ya katuni mwaka 1973, yeye na Takei hawakuwa wamehesabiwa kwenye sauti. Nimoy alikataa kushiriki mpaka nao wachukuliwe. Kati ya 1979 na 1991 alirudi kuwa Uhura kwenye filamu sita za sinema. Umri ulipokwenda alianzisha onyesho lake la jukwaani la mtu mmoja, akiwaigiza waimbaji wanawake Weusi wa zamani, na mwaka 2007 alionekana kwenye tamthilia ya Heroes kama bibi.

Ni haki kusema kwamba King alimwomba kitu cha thamani naye akakitoa. Broadway aliyoiota hakuipata.

Alipokwenda NASA

Kwenye miaka ya 1970 Nichols alianza kualikwa kwenye mikutano ya mambo ya anga, na huko akaona jambo. Wanaanga wote ambao Marekani ilikuwa imewarusha walikuwa wanaume, na wote Wazungu. Mwaka 1977 alisimama kwenye mkutano na kulisema hilo waziwazi. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa wakati huo linatafuta watu kwa ajili ya chombo chake kipya, kile kilichoweza kwenda na kurudi kama ndege. Chombo hicho kilihitaji wanasayansi, madaktari na wahandisi, si marubani wa kivita peke yao. Tatizo ni kwamba wanawake na watu Weusi hawakuwa wakiomba. Walikuwa wamekataliwa muda mrefu, wakaona tangazo ni la kupitisha muda tu.

NASA iliipa kazi kampuni ya Nichols, iliyoitwa Women in Motion. Kabla ya kukubali aliwapa sharti, kama alivyosimulia: akiwaletea watu wenye sifa na bado wakachagua wanaume Wazungu watupu, yeye atakuwa wa kwanza kuwashtaki hadharani. Kwa miezi kadhaa alizunguka vyuo vikuu, vyama vya wataalamu na vituo vya redio na televisheni. Alipiga filamu fupi ya tangazo akiwa amevaa sare ya NASA. Aliwaambia wanawake na watu Weusi: hii ni kazi yenu pia, ombeni.

Maombi yaliyofika yalizidi 8,000. Januari 1978 NASA ilitangaza wanaanga wapya 35, na kati yao walikuwamo wanawake sita, wanaume Weusi watatu na Mmarekani mmoja mwenye asili ya Asia. Si haki kumpa Nichols sifa zote, maana NASA yenyewe ilikuwa imeshaamua kubadilika na sheria za ajira za Marekani ziliisukuma. Lakini sauti iliyowafikia watu ilikuwa yake, na watu waliiamini kwa sababu walikuwa wameshamwona angani, hata kama ni anga ya mbao na rangi ndani ya studio.

Katika kundi hilo alikuwamo Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, Juni 1983. Alikuwamo Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza, Agosti mwaka huohuo. Alikuwamo pia Ronald McNair, mwanafizikia kutoka Carolina Kusini. Ndugu yake Carl amesimulia kwamba Ron alipokuwa kijana aliitazama Star Trek na kuona si hadithi, bali jambo linalowezekana. McNair, Judith Resnik na Ellison Onizuka, wote wa kundi la 1978, walikuwa miongoni mwa saba waliokufa chombo cha Challenger kilipolipuka tarehe 28 Januari 1986. Nichols aliishi na uzito wa habari hiyo. Hao ni watu waliokuwa wameitikia wito alioutoa yeye.

Septemba 1992 daktari Mae Jemison, aliyekulia Chicago, akawa mwanamke wa kwanza Mweusi kufika angani. Amesema wazi kwamba Uhura alikuwa sehemu ya ndoto yake ya utotoni, na akiwa chomboni alianza zamu zake kwa kutamka maneno ya Uhura ya kufungua masafa. Mwaka uliofuata Jemison aliigiza nafasi ndogo kwenye tamthilia mpya ya Star Trek, na Nichols alikwenda studio kumwona. Mwigizaji Whoopi Goldberg naye husimulia jinsi alivyokuwa mtoto akaita watu wa nyumbani kwao waje haraka, kuna mwanamke Mweusi kwenye televisheni na si mtumishi wa ndani.

Tukiwa bado hapo angani: neno letu lenyewe, bila kulainishwa, nalo lilifika huko. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, NASA ilirusha setilaiti ya kuchunguza nyota kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Haikuhusiana na tamthilia, ila ni vizuri wasikilizaji wetu wa pwani wajue.

Nyota, na miaka ya mwisho

Katika tamthilia ya kwanza Uhura hakuwa na jina lake la kwanza. Baadaye waandishi wa vitabu vya Star Trek walimpa jina Nyota, na filamu ya mwaka 2009, ambayo nafasi hiyo iliigizwa na Zoe Saldaña, ikalitamka rasmi. Kwa Kiswahili limekaa vizuri, maana nyota ni ile ya mbinguni na pia ni bahati ya mtu. Tangu 2022 Uhura anaigizwa na Celia Rose Gooding katika Strange New Worlds, na humo inasemwa wazi kwamba ni Mkenya.

Nichols aliendelea kukutana na mashabiki hadi uzeeni. Mwaka 2012 Rais Barack Obama alimkaribisha Ikulu, wakapiga picha wameinua mikono kwa salamu ya Spock. Alipata kiharusi mwaka 2015, na baadaye ugonjwa wa kusahau ukamwingia. Mwanamke aliyeigiza kufutiwa kumbukumbu akaishia kuzipoteza kweli, na miaka hiyo ya mwisho ilikuwa na mvutano mahakamani juu ya nani asimamie mali na matunzo yake. Alifia Silver City, New Mexico, karibu na mwanawe Kyle.

Tarehe 8 Januari 2024 roketi iliruka kutoka Cape Canaveral, Florida. Ndani yake ilibeba sehemu ya majivu ya Nichelle Nichols, pamoja na ya Gene Roddenberry na waigizaji wenzake wawili, DeForest Kelley na James Doohan. Kipande cha roketi kilichowabeba kilipita mwezi na kuingia kwenye njia ya kulizunguka jua.